Kiasi nilikishika, asili sikuitazama

Saa nne na nusu usiku, Jumanne, nilikuwa nimebakiza picha moja tu nirudi nyumbani. Taa zimezimwa kwa sababu ya leza, wenzangu wameshaondoka, tumebaki mimi na feni ya kamera. Nikazungusha kitasa cha hadubini kidogo, kioo kikasogea.

Kulia mwa skrini likatokea shamba langu, mraba unaowaka. Kushoto, pale ambapo pangetakiwa kuwa na mng'ao hafifu uliotandaa sawasawa kama ukungu wa asubuhi, palikuwa na duara jeusi.

Kingo zake zilikuwa safi, kana kwamba mtu kalichora kwa bikari.

Nikajiambia ni uchafu. Nikasogeza kioo tena. Uchafu wa kwenye kamera hubaki palepale hata ukisogeza kioo namna gani. Hili lilitembea na kioo. Nikahamia shamba la pili, kando yake kuna duara. La tatu, duara. Kwetu Geita duara ni shimo la mgodi, mtu anashuka kwa kamba akitafuta mawe. Nilikaa pale kwenye kiti chenye magurudumu huku nikijua nimeshuka kwenye la kwangu, na nimelichimba mwenyewe, siku baada ya siku, kwa miezi miwili.

Ni wiki ya tano sasa. Nimeandika maneno haya mara tatu nikayafuta.

Mahali pa kulengea

Wanaofuata blogu hii wameshanisikia nikisimulia plazmoni mpaka wamechoka, kwa hiyo habari ya elektroni zinazobembea ndani ya dhahabu zikipigwa na mwanga nairuka. Niseme tu kilichokuwa mezani.

Shamba ni jina langu mwenyewe. Ni mraba wa mikromita 100 kwa 100 juu ya kioo chembamba, na ndani yake vimepangwa visahani vya dhahabu, mistari 227 kwa mistari 227, jumla visahani 51,529. Kila kimoja kina kipenyo cha nanomita 100 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) na kimo cha nanomita 40, na kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya jirani yake ni nanomita 440. Ukiviona kwa hadubini ya elektroni utasema ni mahindi yaliyopandwa na mtu mwenye wasiwasi.

Ile 440 haikuokotwa njiani. Kipeo cha kupinda mwanga cha kioo ni 1.52, na 1.52 mara 440 inakupa 669. Rangi ninayotumia, Cy5, hung'aa zaidi karibu na nanomita 670. Nafasi ya mistari ikikaa hivyo, mwanga unaotawanywa na kisahani kimoja unamfikia jirani ukiwa kwenye mdundo uleule, na shamba zima linaanza kuitikia kama kwaya.

Juu ya dhahabu nimetandika silika, maada ileile ya kioo, unene wa nanomita 10. Bila tandiko hilo molekuli ya rangi inasogeleana mno na metali, na badala ya kung'aa inaimwagia dhahabu nishati yake yote, ikaishia kuwa joto. Juu ya silika ndiyo imenatishwa protini iliyobeba Cy5.

Kipimo chenyewe hata mtoto wa darasa la tano angekifanya. Unapima mwanga unaotoka ndani ya shamba, unapima mwanga unaotoka kwenye kioo kitupu nje ya shamba, unagawanya. Jibu ni mara ngapi dhahabu imeongeza mng'ao.

Shida ni kwamba kabla ya kupima lazima ulenge, na kulenga kunataka mwanga. Cy5 nayo ni rangi isiyovumilia. Ukiimulika kwa leza ya nanomita 640 inapauka kama kanga iliyosahauliwa juani kwenye kamba. Sikutaka mashamba yangu yapauke. Kwa hiyo nilikuwa nasogea pembeni, kwenye kioo kitupu, nalenga pale kwa utulivu, dakika nne, dakika tano, mpaka picha iwe kali. Napiga picha ya kulinganishia papo hapo. Halafu naingia shambani, kwenye rangi ambayo haijawahi kuguswa na leza, napiga picha ya pili.

Niligawanya rangi mbichi kwa rangi iliyopauka.

Na nilifanya hivyo kwa nia njema kabisa, nikilinda kile nilichokuwa nakipenda.

Mara 38

Namba ilitoka kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu. Nilirudia siku iliyofuata: 36. Nikarudia tena: 41. Wastani 38. Tazama jinsi kosa linavyoweza kuwa na nidhamu! Kwa kuwa nilikuwa nalenga kwa muda uleule, kwa leza yenye nguvu ileile, kioo kilikuwa kinapauka kwa kiwango kilekile kila siku, na mimi nikawa naona majibu yanakubaliana, nikaita hali hiyo uthabiti.

Profesa aliangalia grafu kwa muda mrefu, akasema neno moja la Kijerumani ambalo sitalitafsiri ila lilikuwa zuri. Wiki hiyohiyo tukatuma muhtasari kwenye kongamano. Nilimpigia mama simu. Mama hajui Cy5 ni nini lakini anajua sauti ya mwanawe ikiwa na furaha.

Sasa hivi najiuliza kwa nini sikupiga hesabu ambayo ningempa mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza. Cy5 ikimeza fotoni 100, yaani chembe 100 za mwanga, inarudisha kama 27. Hata dhahabu ifanye maajabu gani, haiwezi kuifanya irudishe zaidi ya 100. Kwa njia hiyo, dari ni 100 kugawa kwa 27: mara 3.7, basi. Kufika 38 ningehitaji molekuli, kwa wastani wa eneo zima, ziwe zinameza mwanga mara 10 zaidi. Eneo zima, wakati dhahabu imefunika asilimia 4 tu ya ardhi ya shamba. Kweli, shamba linaweza pia kuelekeza mwanga ukaingia kwenye lenzi badala ya kupotelea pembeni, na hilo linaongeza. Lakini mtu angetakiwa kukunja uso kidogo.

Sikukunja. Kichwani nilikuwa na namba nyingine, ile ya mwaka 2009 kutoka Stanford: molekuli moja katikati ya pembetatu mbili za dhahabu zilizotazamana ncha kwa ncha, mng'ao umeongezeka mara 1,340. Ukishalala na namba kama hiyo, 38 inaonekana kama unyenyekevu. Nilichosahau ni kwamba wale walichagua makusudi rangi dhaifu, inayorudisha fotoni mbili na nusu tu katika kila 100. Ukianza na maskini wa namna hiyo, nafasi ya kumtajirisha ni kubwa. Na molekuli yao ilikaa kwenye mwanya mwembamba ambako mwanga umebanwa. Za kwangu nyingi zimekaa uwanjani, mbali na kisahani chochote.

Shamba la sitini

Hili ndilo linaloniuma zaidi ya duara lenyewe.

Kwenye kioo kilekile nilikuwa na mashamba mengine yenye visahani vya vipenyo tofauti. Unafanya hivyo ili ujipime. Visahani vya nanomita 100 vina bonde zuri kwenye spektra ya mwanga uliopenya, yaani mahali ambapo visahani huuzuia mwanga zaidi, karibu na nanomita 655, jirani kabisa na Cy5. Visahani vya nanomita 60 bonde lao liko chini ya 600, mbali na rangi yangu. Kwa hiyo shamba la sitini halikutakiwa kufanya kitu. Lilikuwa pale kama shahidi asiye na upande: lingetakiwa kunipa mara 1, au kitu kinachokaribia 1.

Lilinipa mara 7.

Nimefungua daftari kuona niliandika nini siku hiyo. Niliandika: "60 inaonyesha 7. Huenda mpangilio wa mistari unasaidia hata nje ya mwitiko. Inavutia." Nikapigia mstari neno inavutia.

Shahidi alisimama mbele yangu akasema kuna kitu kimeharibika upande wa pili wa kipimo, kitu kinachozidisha kila jibu kwa kiasi kilekile. Mimi nikamwandikia nadharia. Tena nadharia isiyo mbaya. Ningeweza kuitetea mbele ya watu kwa dakika ishirini, na wengine wangetikisa vichwa kukubali. Elimu ikishakuwa nyingi, mtu hakosi cha kusema.

Gramu ngapi?

Katikati ya wiki zile mbaya mjomba alinipigia. Amechimba maisha yake yote, anajua karasha ya kusaga mawe, anajua mwalo wa kuoshea dhahabu, anajua zebaki inavyokula vidole. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye alichokuwa anataka.

"Mjomba, mama yako anasema huko unashughulika na dhahabu."

"Ndiyo, mjomba."

"Gramu ngapi?"

Nikapiga hesabu nikiwa kwenye simu. Kisahani kimoja, ujazo mara msongamano wa 19.3, halafu mara 51,529. Shamba zima linabeba kama theluthi ya nanogramu moja. Gramu 1 ingetosha mashamba zaidi ya bilioni 3.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Mjomba," akasema mwishowe, "hiyo si dhahabu. Hilo ni wazo."

Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akanimalizia habari za mvua na za ng'ombe wa jirani, hakuuliza tena.

Kiasi juu, asili chini

Shule ya msingi tulifundishwa sehemu: namba ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Mwalimu alikuwa anatukaririsha kwa wimbo, mkono mmoja juu, mwingine chini. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi wiki hizi. Asili. Ile ya chini, ambayo ya juu imeikalia.

Miaka minne nimehangaika na kiasi. Nimejifunza kuchora kwa mwale wa elektroni kwenye utando wa plastiki, kumwaga mvuke wa dhahabu ndani ya ombwe, kuloweka kioo kwenye asetoni mpaka dhahabu isiyotakiwa ibanduke kama ngozi ya kitunguu. Nimebishana wiki nzima kuhusu gundi ya chini ya dhahabu, kwa sababu kromiamu ya nanomita 3 tu inatosha kuudhoofisha mwitiko. Najua mashamba yangu kuliko ninavyojua mitaa ya mji huu. Kioo kitupu cha pembeni hakikuwa na sura. Kilikuwa "nje", mahali pa kuegesha leza.

Kuna majaribio mawili ya mwaka 2006 ambayo nilikuwa nayataja kwenye kila wasilisho bila kuyaelewa vizuri. Kundi la Lukas Novotny kule Rochester na kundi la Vahid Sandoghdar kule Zurich, kila moja kwa njia yake, walibandika chembe moja ya dhahabu kwenye ncha ya kioo, wakaisogeza taratibu juu ya molekuli moja. Ikikaribia, molekuli inang'aa zaidi na zaidi. Ikikaribia kupita kiasi, mng'ao unaporomoka. Grafu hiyo ya kupanda na kushuka ndiyo niliyokuwa naionyesha.

Lakini tazama walichofanya chini ya mstari. Asili yao ni molekuli ileile, dhahabu ikiwa imeondolewa. Si molekuli za pembeni zinazodhaniwa kufanana nayo. Wanaweza kuisogeza ncha, kuiondoa, kuirudisha. Mimi siwezi kung'oa visahani 51,529 nikavirudisha. Shamba langu halina hali yake ya zamani ninayoweza kuirudia, kwa hiyo nalazimika kumwamini jirani. Na jirani nilikuwa namchoma kila asubuhi.

Saa isiyohesabu vichwa

Nilianza upya kwa kioo kipya. Safari hii nililenga kwa taa ya infraredi, ambayo Cy5 haiimezi kabisa. Picha ya nje kwanza, kwa leza hafifu, sekunde sehemu ya kumi. Picha ya ndani, hivyohivyo. Nikapima pia shamba lisilopakwa rangi, maana dhahabu yenyewe hutoa mwanga kidogo ikipigwa na leza, nikautoa mwanga huo kwenye hesabu.

Shamba la mia: mara 6. Shamba la sitini: 1.1.

Niliangalia ile 1.1 kuliko nilivyoangalia 6.

Hata hivyo nikaanza kuogopa kila kitu. Labda protini zinanata zaidi kwenye shamba kuliko nje? Kuta za visahani peke yake zinaongeza eneo kwa asilimia 6 na nusu hivi, hiyo si neno. Lakini je, kama kuna mabaki ya plastiki, kama silika imekaa vingine? Nikahitaji kipimo kisichojali idadi ya molekuli.

Kipo. Unapiga kwa leza ya mapigo mafupi, unasubiri kila fotoni, unaandika imechelewa kiasi gani. Ukiongeza molekuli unapata fotoni nyingi zaidi, ila ucheleweshaji ni uleule. Saa haihesabu vichwa. Nje ya shamba molekuli zangu zilikaa na nishati kwa nanosekunde 1.4 hivi. Ndani, 0.9. Kuna kitu kimebadilisha molekuli zenyewe, si wingi wao.

Nikafurahi kwa jioni moja. Asubuhi, nikiwa kwenye tramu, nikakumbuka kwamba dhahabu inayozima mng'ao nayo hufupisha muda uleule. Saa inakuambia molekuli imeharakishwa. Haikuambii imeharakishwa kung'aa au kufa. Lazima uwe na vyote viwili, muda umefupika na mwanga umeongezeka, ndipo useme. Kwa hiyo nilirudi kwenye kugawanya, kwenye asili, nilipokuwa nimetoka.

Sita, au mia na ishirini na sita

Hapa ndipo ninapohitaji maoni yenu, hasa mlio kwenye fani.

Mwenzangu wa meza ya jirani, mtu mwerevu asiye na ubaya wowote, aliona huzuni yangu akanipa zawadi. "Sita ni ya shamba zima," akasema. "Lakini asilimia 96 ya shamba ni kioo kitupu ambacho hakifanyi kitu. Kitoe." Akachukua kalamu. Toa 0.96 kwenye 6, inabaki 5.04. Gawa kwa 0.04.

126.

Mara 126 kwa kila molekuli iliyo juu ya dhahabu. Kubwa kuliko 38 iliyoniaibisha, na safari hii hakuna duara jeusi popote. Hesabu ni sahihi. Watu wanaitumia, wengi wanaeleza wazi walivyoifanya, na ipo sababu ya haki ya kuitaka: unayejenga kifaa chenye molekuli zilizokaa juu ya dhahabu peke yake utahitaji namba hiyo.

Ila mimi sijaziweka juu ya dhahabu peke yake. Na mwanga ulioongezeka hauishi kwenye kisahani. Unamwagika nje ya kingo zake, na mistari ikiitikia pamoja unatambaa hata kati yao. Nikiligawa shamba kuwa asilimia 4 inayofanya kazi yote na asilimia 96 ya watazamaji, nimechora mpaka ambao fizikia haikuuchora. Ningeweza kuchora mpaka mwembamba zaidi, kingo tu za visahani, nikapata mia tano. Hakuna anayenizuia.

Kwenye rasimu nimeandika 6. Profesa ameandika pembeni kwa penseli: "Na 126?" Alama ya kuuliza, si amri. Bado hatujakaa kuongea.

Bango

Kongamano lilikuwa wiki iliyopita. Nilikuwa nimewaandikia waandaaji mapema kuomba namba ibadilishwe kwenye muhtasari. Wakajibu kwa heshima kwamba kitabu kimeshachapwa, lakini bango naweza kuchapa nipendavyo.

Kwa hiyo nilisimama saa mbili mbele ya bango lenye 6 kubwa na, chini kulia, picha ya duara jeusi kwa ukubwa wa sahani ya chai. Wengi walipita wakinywa kahawa. Wawili waliuliza kuhusu silika.

Dakika za mwisho akaja mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akalisoma bango lote, taratibu, mpaka maandishi madogo. Akafungua kitabu cha kongamano, akatafuta ukurasa wangu, akaweka kidole kwenye 38. Akaitazama 6. Akanitazama mimi.

Nikamvutia kiti.